Mwambie Mwenye Macho

Aminiasi hakuingia nyumba yoyote bila kukohoa kwanza. Alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha makusudi, akangoja kidogo, ndipo akainama kuvuka kizingiti. Alikohoa hivyo Waidule, kijijini kwao kwenye kisiwa cha Kadavu, katika bahari za kusini. Alikohoa hivyo kwenye bweni la jeshi huko Ujerumani, mpaka wenzake wakampeleka kwa daktari akapimwe kifua. Na alikohoa hivyo mlangoni pa chumba alichopanga Uingereza baada ya kuacha jeshi, chumba ambacho ndani yake hakukuwa na mtu wa kusikia.

Dada yake Torika alikijua kikohozi kile kuliko alivyoijua sauti ya kaka yake. Akikisikia, aliacha alichokuwa akifanya, akakusanya pindo za nguo zake na kutokea mlango wa nyuma. Ndivyo walivyolelewa. Kaka na dada wakishakua hawasemezani, hawakai wawili peke yao chini ya paa moja, hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Hapakuwa na ugomvi ndani yake. Watu wa Waidule wakitaka kumsifu kijana, husema ana haya mbele ya dada yake.

Siku sauti ya Aminiasi ilipoanza kuwa nzito, babu yao alimketisha mkekani akamwambia, "Kuanzia leo huyu ni dada yako," kana kwamba siku zote za nyuma Torika alikuwa mtoto wa jirani. Asubuhi ya siku ileile walikuwa wamegombea kipande cha muwa. "Nipe," Aminiasi alikuwa amesema, naye Torika akakimbia nacho. Likawa ndilo neno la mwisho kati yao. Miaka mingi baadaye, Torika akimwona mtoto anatafuna muwa, moyo ulimchoma kwa jambo dogo ambalo mtu mwingine angelicheka.

Mwaka 1961 Waingereza walikuja kuandikisha vijana wa jeshi, na Aminiasi akachukuliwa. Siku ya kuondoka aliwashika watu mikono mmoja mmoja pale ufukweni. Alipomfikia mama yake alisimama muda mrefu. Torika alikuwa nyuma ya mama, macho yake kwenye kitana kilichochomekwa nyweleni mwa mama.

"Mama," Aminiasi alisema, "mwambie aliye nyuma yako abaki salama."

"Amesikia," mama alijibu.

"Mwambie hata hivyo."

Mama hakugeuka. "Kaka yako anasema ubaki salama."

"Mwambie naye aende salama," Torika alisema, na mama akasema.

Mama yao, Akanisi, alikuwa mjane mwenye shamba la magimbi na sauti ya kufika ng'ambo ya ghuba, lakini hakujua kusoma. Karatasi kwake ilikuwa kitu cha kusokotea tumbaku. Torika alikuwa amesoma shule ya misheni. Kwa hiyo barua ya kwanza ilipofika na meli ya mbata, yeye ndiye aliyeifungua, akaegemea ukuta, na maneno ya kaka yake yakatoka kinywani mwake yeye.

"Mama mpendwa Akanisi," Aminiasi aliandika, "nimefika. Huku nyumba ni za mawe na watu wanapishana njiani bila salamu. Nimepangiwa kulinda ghala la mafuta. Vita vyao viliisha zamani, mimi bado mtoto. Kanisa la mjini mpaka leo halina paa, ndege wanaingia na kutoka. Vita viliisha, lakini sisi bado tunavilinda. Mwambie mwenye macho asome polepole hapa, maana naandika nimevaa glavu."

"Nani huyo mwenye macho?" mama aliuliza.

Torika aliinamia karatasi. "Anayesoma."

"Si wewe?"

"Anayesoma, mama."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la nguo. "Haya, mwenye macho. Endelea."

Likawa ndilo jina lake. Barua zote zilianza na mama Akanisi, na mahali fulani katikati, kama mtu anayepunguza mwendo akipita nyumba anayoipenda, palikuwa na maneno hayo: mwambie mwenye macho. Mwambie mwenye macho kwamba theluji haina harufu. Mwambie mwenye macho kuna bibi kizee anayepita langoni na mbwa wake kila siku. Nimemsalimu mwezi mzima, jana ameitikia. Mama alipomtumia furushi la mizizi iliyotwangwa ya yaqona, kinywaji cha kwao, Aminiasi aliandika kwamba waliikoroga kwenye beseni la kunawia, yeye na kijana mmoja wa kwao, wa Rewa, wakanywa na kupiga makofi kama wako nyumbani. "Sajini alikuja kuuliza kwa nini tunakunywa matope. Nikamwambia ni dawa ya upweke. Akaonja. Hakutuuliza tena."

Kujibu ilikuwa kazi ya alasiri nzima.

"Andika, unakula?"

"Nimeshaandika, mama."

"Andika tena. Mara ya kwanza atadhani ni adabu tu. Andika nguruwe wa mchungaji ameingia shambani kwetu, na mchungaji anasema si wake. Nguruwe ana sura ya mchungaji kabisa. Umeandika?"

"Hilo la sura sikuandika."

"Ndilo nililotaka aandikiwe."

Chini kabisa, mama akishachoka, Torika aliongeza mstari mmoja ambao hakumsomea: Aliyeandika ni mzima. Zaidi ya hapo hakujiruhusu.

Mwaka wa tatu mama alianguka shambani akiwa na kikapu cha magimbi mgongoni, na hakuinuka. Mwalimu alipeleka simu ya maandishi. Jeshi halikumpa Aminiasi ruhusa, au ruhusa na meli havikukutana; Torika hakupata kujua. Jibu lilikuja la maneno machache: Msiningoje. Zikeni. Wakamfunga mama kwenye mikeka aliyoisuka mwenyewe, wakamzika nyuma ya kanisa. Mahali pa mtoto wa kiume, upande wa kichwa, palibaki wazi, na watu waliojipanga walijua wapaache vile.

Kisha barua zikakoma.

Torika alikaa peke yake kwenye nyumba ya mama. Meli ilipoingia alishuka ufukweni na kikapu, kama mtu aliyefuata chumvi na mafuta ya taa, akasimama nyuma ya wengine mpaka mfuko wa barua ukunjwe. Mwanzoni alidhani kaka yake ana uchungu. Baadaye alidhani amekasirika, kwamba labda kuna jambo mazishini halikufanywa sawasawa. Mwisho alielewa, akiwa anamenya muhogo, na kisu kikasimama mkononi. Aminiasi hakuwa na mtu wa kumwandikia. Maneno yao yote yalikuwa yamepita kwa mama. Dada hawezi kuandikiwa na kaka, wala hawezi kumwandikia. Walikuwa wamebaki wawili tu duniani, kila mmoja upande wake, na katikati hapakuwa na mtu.

Akaenda kwa Emosi.

Emosi alikuwa mtoto wa mjomba wao, ndugu wa mama. Kwa Aminiasi na Torika alikuwa binamu wa utani, mtu wa kukutukana asubuhi na kukusaidia kubeba mzigo jioni. Yeye na Aminiasi walipokutana zamani, wanawake walikuwa wakiondoa watoto karibu. Torika alimkuta anaparura mizizi ya yaqona, amejaa udongo mpaka viwikoni.

"Binamu, nina kazi na jina lako."

"Jina tu? Chukua na mwenyewe."

"Nataka umwandikie Aminiasi."

"Mimi? Mara ya mwisho niliposhika kalamu, mwalimu alininyang'anya akidhani nimeiiba."

"Nitaandika mimi. Wewe utasema."

Emosi aliacha kuparura. "Nikisema kama ninavyosema naye, masikio yako yataungua."

"Sema ya kanisani."

"Ya kanisani atajua si mimi. Atadhani nimekufa, mchungaji anamaliza barua zangu."

Torika alilifikiria hilo. Akaketi, akaweka karatasi juu ya sahani ya bati. Emosi alianza vizuri: salamu, mvua, nani kaoa. Kisha akasahau nani anaandika, au labda hakusahau, utani ulimpanda tu kama ulivyokuwa ukimpanda Aminiasi akiwa mbele yake. "Muulize," alisema, "huko kwenye baridi wanawake wanapashwa joto kwa makaa au kwa askari? Na kama ni kwa askari, yeye amegawiwa wangapi?"

Kalamu ilisimama. Torika alijua kwamba mstari ule hauandikwi na mkono wake. Lakini alisikia pia kwamba katika barua yote ile, huo ndio mstari pekee uliokuwa Emosi mwenyewe. Alitaka kaka yake aifungue barua, amsikie binamu yake, acheke, ajibu. Akaandika.

Meli zilikuja na kuondoka. Hapakuja jibu.

"Ile ya makaa," Emosi alimwuliza siku moja njiani, "uliiandika?"

"Si uliisema."

"Nilisema nikijua utairuka." Akatua jembe. "Torika, mwandiko wako anaujua kama anavyoujua uso wa mama yake. Huko aliko sasa amesikia upuuzi wangu kwa mdomo wa dada yake. Atajibu nini? Hata kama ni mtu wa kufa na upweke, atajibu nini?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Emosi amekosa la kuchekesha. Alisimama akiangalia vidole vyake vya miguu. Torika alikuwa amekwisha kugeuka, anakwenda nyumbani kwa haraka, kwa sababu hakutaka kulia barabarani.

Emosi alianza kuja kumkatia kuni. Hakuombwa. Baadaye alianza kuleta na samaki. Wazee wa ukoo wake walipokuja na jino la nyangumi, zawadi ya heshima, kuomba uchumba, maana Waidule binamu wa utani huruhusiwa kuoana, watu walimwuliza imekuwaje, akasema, "Nimempotezea kaka mmoja, naona nimpe mume mmoja. Najua si bei sawa."

Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kike. Jina halikujadiliwa. Waidule mtu akipewa jina la mwingine, amepewa na nafasi yake. Wazee wanampisha mlangoni, wanamtania kwa makosa ya marehemu. Shangazi mmoja alimtazama mtoto aliyefungwa kwenye kitambaa akamwambia, "Akanisi, bado hujanirudishia sufuria yangu."

Kila mtu alicheka, na Torika akiwa amelala chali mkekani, mwili bado unamuuma, alicheka pia. Akamwomba Emosi amletee kalamu.

Alimlaza mtoto kifuani, akaandika juu ya mgongo wake mdogo. "Mwanangu Aminiasi. Mimi ni Akanisi. Nimezaliwa mwezi huu. Nimesikia uko mbali. Je, unakula? Mimi bado sijui kusoma. Aliyeandika ni mzima."

Jibu lilikuja wakati mtoto anaanza kukaa. Torika alifungua bahasha, akasoma mstari wa kwanza, akashindwa. Alikaa na karatasi mapajani.

"Soma," Emosi alisema, amempakata mtoto. "Mwenyewe anasubiri."

"Mama mpendwa Akanisi," Torika alisoma. "Nisamehe ukimya. Sikuwa na pa kuandika. Kila siku nilikuwa na jambo la kusema na kila siku nililala nalo. Mwambie mwenye macho kwamba ile barua iliyochafuka niliitia motoni na sikuona kitu ndani yake. Mwambie na Emosi kwamba siku nikimkuta ufukweni ataingia majini na nguo zake."

Emosi alifunika uso kwa mkono mmoja. "Ni yeye," alisema. "Mungu ambariki, ni yeye."

Barua zikarudi. Mtoto mchanga aliandikiwa habari za zamu ya lango, za mbwa wa yule bibi kizee, kwamba amekufa, na bibi anaendelea kupita na kamba mkononi. Akanisi alisikiliza yote akinyonya kidole. Fedha zikabadilika, bendera ikabadilika, Aminiasi akahamishwa Uingereza, kisha akaacha jeshi na kuwa mlinzi wa kiwanda, bado langoni, bado usiku. Akanisi alipofika miaka saba aliinyakua barua mkononi mwa mama yake, akaisoma mwenyewe kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Alipofika katikati akasimama.

"Mama, sasa mwenye macho ni mimi?"

Torika alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna. "Muulize mjomba wako."

Mtoto akauliza. Jibu likaja: "Hapana, mama Akanisi. Mwenye macho ni mmoja."

Lakini hakuja nyumbani. Hilo ndilo Torika alilolingoja, na kila mtu wa nyumba ile alijua kwamba analingoja, ingawa alilitaja kwa mdomo wa mtoto tu. "Akanisi anauliza utakuja lini." "Akanisi anasema shamba la magimbi halina mtu wa kulipalilia." Naye akajibu, mwaka baada ya mwaka, kwa namna moja: "Mwambie mwenye macho kwamba mtu aliyekosa mazishi ya mama yake haji kama anayekuja sikukuu. Bado sijawa tayari." Torika hakutaka mikeka, wala jino la nyangumi, wala sanduku la nguo za Ulaya. Alitaka kusikia kikohozi mlangoni. Mara nyingine, akiwa peke yake, alisikia mtu anakohoa barabarani, akajikuta amesimama na nguo mkononi, tayari kutoka.

Mwishowe Akanisi, sasa mwalimu wa shule, akiwa na mume na ufagio wake mwenyewe, aliandika bila kumshauri mtu. "Mwanangu Aminiasi. Mimi ndiye mama yako na mimi ndiye uliyenikosa. Nakuambia njoo. Usiponisikia, nitakuwa nimekufa mara mbili."

Akaja.

Alishuka kwenye boti mzee mwembamba, koti limemzidi mabega, sanduku moja. Emosi alikuwa ndani ya maji mpaka magotini anashika kamba.

"Huyu nani?" Emosi aliuliza watu. "Wazungu wametuletea mlinzi? Atulinde na nani, nguruwe wa mchungaji?"

"Nguruwe yule bado yupo?" Aminiasi alisema.

"Yupo mjukuu wake. Sura ileile."

Aminiasi aliweka sanduku mchangani, akaingia majini na viatu vyake, akamsukuma Emosi kifuani, wakaanguka wote wawili. Walikaa pale kwenye maji mafupi, vizee viwili vimelowa, na haikujulikana nani anacheka na nani analia.

Jino la nyangumi la kuombea msamaha alilipata mjini Suva. Alilileta nyumbani kwa mama akitambaa kwa magoti kutoka mlangoni, ukoo umejipanga pande zote, na hakuwatazama wazee. Alimtazama Akanisi.

"Mama," alisema, "nimechelewa."

Akanisi alilipokea kwa mikono miwili. Alisema tu, "Umekula?"

Nyuma ya pazia, kwenye sehemu ya wanawake, Torika aliziba mdomo kwa kiganja.

Aminiasi aliishi nao mvua moja na kiangazi kimoja. Kifua kilikuwa kimekwisha kweli sasa. Daktari wa hospitali ya Vunisea alisema hivyo kwa sauti ya chini. Torika alimpikia, Akanisi akapeleka sahani. Torika akafua mashuka, Emosi akatandika. "Mwulize kama chumvi inatosha," Torika alisema kutoka jikoni. "Mwambie inatosha," Aminiasi alisema kutoka kitandani, na Akanisi, amesimama katikati na sahani, alisema, "Mmesikiana," lakini hata hivyo akasema.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya shule. Akanisi alikuwa darasani, Emosi amekwenda shambani kufuata magimbi. Aminiasi alikuwa amelala kimya tangu alfajiri, na Torika, akiona chombo cha maji kimekauka, aliingia kukijaza, kwa haraka, macho chini, akidhani amelala. Akamimina. Nyuma yake akasikia kikohozi. Mara mbili, kikavu, kama zamani.

Akaweka chombo chini. Akakusanya nguo zake, akaelekea mlango wa nyuma, na mkono wake ulikuwa umekwisha kushika mwimo kaka yake aliposema:

"Usitoke, Torika."